Barua Iliyofika Bila Kusomwa

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni wiki hii)

Leo nataka tuzungumze juu ya barua. Si barua ya mapenzi wala ya kuachishwa kazi. Ni barua ya kompyuta iliyotumwa tarehe 22 Desemba 2015. Barua hiyo iliwaeleza wanamichezo kuwa orodha ya dawa zilizokatazwa imebadilishwa. Mmoja wa walioipokea alikuwa mcheza tenisi wa Urusi, Maria Sharapova. Ilifika salama, lakini yeye hakuifungua orodha iliyokuwa ndani yake. Uvivu huo wa dakika chache ulimtoa uwanjani kwa miezi 15.

Ili tuone uzito wa jambo hili, tuanzie mbali kidogo. Wazazi wake, Yuri na Yelena, walikuwa wakiishi Gomel, katika nchi ya Belarus. Mwaka 1986 kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka, na mji huo hauko mbali nacho. Wazazi hao wakahamia Siberia, na huko Nyagan ndiko Maria alikozaliwa mwezi Aprili 1987. Baadaye walihamia Sochi, mji ulio kando ya Bahari Nyeusi. Raketi yake ya kwanza alipewa na baba wa Yevgeny Kafelnikov, yule bingwa wa Urusi. Akiwa na miaka sita alicheza mbele ya Martina Navratilova mjini Moscow, naye bibi huyo akaona kuwa mtoto ana kipaji.

Mwaka 1994 Yuri alimchukua binti yake mpaka Florida, Marekani, akiwa na dola zinazotajwa kuwa 700 tu mfukoni. Kiingereza hakukijua. Mama alibaki Urusi kwa sababu ya viza, na miaka miwili ikapita kabla ya mtoto kumwona tena. Baba alifanya kazi za vibarua, ikiwemo kuosha vyombo. Hebu fikiri, msikilizaji: mtoto wa miaka saba yuko mbali na mama yake, na ada ya kutengana kwao ni raketi.

Safari ile ilizaa matunda. Mwaka 2004, akiwa na miaka 17, Sharapova alimshinda Serena Williams katika fainali ya Wimbledon kwa 6-1, 6-4. Mwaka uliofuata akawa mwanamke wa kwanza wa Urusi kushika nafasi ya kwanza duniani. Alitwaa ubingwa wa Marekani mwaka 2006 na wa Australia mwaka 2008. Mwezi Oktoba mwaka huo alipasuliwa bega, akaporomoka hadi nafasi ya 126. Wengi walidhani amekwisha. Akarudi na kutwaa ubingwa wa Ufaransa, tena mara mbili, mwaka 2012 na 2014. Kwa hiyo hatuzungumzi juu ya mtu mvivu.

Sasa turudi kwenye barua yetu. Tangu mwaka 2006 Sharapova alikuwa akimeza dawa aliyoandikiwa na daktari wa Moscow. Boksi lake limeandikwa Mildronate. Ni dawa ya moyo, asili yake Latvia, na kule Urusi huuzwa katika maduka ya dawa kama kitu cha kawaida. Lakini kiini cha dawa hiyo huitwa meldoniamu, na jina hilo ndilo lililoingizwa katika orodha ya marufuku kuanzia tarehe 1 Januari 2016. Tarehe 26 Januari alipimwa katika mashindano ya Australia, siku aliyofungwa na Serena katika robo fainali. Dawa ikaonekana.

Mwezi Machi aliwaita waandishi wa habari mjini Los Angeles. Wengi walifikiri anastaafu. Badala yake alitangaza mwenyewe kuwa ameshindwa kipimo, na kwamba jukumu lote ni lake.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Je, huyu ni mdanganyifu au ni mzembe? Jopo la kwanza lilimfungia miaka miwili, likasema kuwa masaibu yake aliyasababisha mwenyewe. Tukubali kuwa jopo lilikuwa na hoja nzito. Katika fomu za vipimo, mchezaji huandika dawa anazotumia. Yeye dawa hii hakuiandika. Kocha wake hakuijua, wala mtaalamu wa lishe. Waliojua ni baba yake na wakala wake tu.

Alikata rufaa kwa Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo, Uswisi. Mwezi Oktoba 2016 majaji walisema hakukusudia kudanganya, wakapunguza adhabu hadi miezi 15. Kazi ya kukagua orodha ya marufuku kila mwaka alikuwa amemwachia wakala wake, mtu asiye na mafunzo ya udaktari. Majaji walisema kumkabidhi mtu kazi si kosa. Kosa lake ni kwamba hakumweleza vya kutosha nini cha kutazama, wala hakumfuatilia kuona kama ametazama.

Mimi naona majaji walipima sawa. Mwizi na msahaulifu hawastahili kifungo kimoja. Lakini msahaulifu naye asitegemee kurudishiwa siku zake. Wazee walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sharapova alikuwa na kocha, wakala na wahudumu wa kila aina. Lakini kidonge kiliingia katika mdomo mmoja, na jina lililofungiwa ni moja.

Alirudi Aprili 2017. Ufaransa, alikokuwa bingwa mara mbili, walikataa kumpa mwaliko mwaka huo. Alitwaa kombe moja tu zaidi, huko Tianjin, China, na mwezi Februari 2020 akaaga mchezo. Mwaka 2022 alijifungua mtoto wa kiume. Na Agosti 2025, alipoingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Tenisi huko Newport, Marekani, aliyesimama kumtambulisha alikuwa Serena Williams, mpinzani aliyemfunga mara 20 katika michezo 22. Heshima hiyo ilitoka kwa mtu aliyemjua uwanjani kuliko majopo yote.

Ndugu msikilizaji, mimi na wewe hatupimwi mkojo baada ya kazi. Lakini ni wangapi kati yetu humeza dawa bila kusoma karatasi iliyo ndani ya boksi? Ni wangapi huweka sahihi kwenye karatasi za mkopo, au mkataba wa nyumba, kwa kuwa karani ametuonyesha kwa kidole, “Hapa, na hapa”? Tunasema fulani ameshasoma, fulani ndiye mtaalamu. Siku deni likidaiwa, fulani haitwi.

Leo jioni ukifika nyumbani, itafute ile karatasi uliyoiweka kabatini ukasema utaisoma kesho. Keti uisome.

Kwaheri mpaka wiki ijayo.