Maneno ya Wimbo Yasipotelee Studio

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia, Maua)

Tumeombwa tuseme machache juu ya kurekodi nyimbo, maana tunasikia baadhi ya vikundi vimeanza kuchanga pesa za studio. Sisi si mafundi wa kusomea. Ni wanakwaya tu, tuliolipa studio mara mbili kwa wimbo mmoja.

Ilikuwa mwaka 1997. Tulitunga wimbo wa kuhimiza akina mama wapeleke watoto chanjo. Siku ya kliniki ilikuwa Jumatano, nasi tukaiweka mwisho wa kiitikio, ngoma ikilia papo hapo ili watu wakumbuke. Tukachanga, tukauza kuku, tukaenda. Kanda ilipotoka tulifurahi sana, kwa vile sauti zilivuma kana kwamba tuko ndani ya kanisa kubwa la mawe. Tukaipiga sokoni, tukawapa hata watu wa matatu. Basi Jumatatu iliyofuata akina mama wakateremka mlimani na watoto mgongoni, wengine tangu alfajiri, wakakuta mlango umefungwa. Mmoja alituambia wazi: "Ni nyinyi mlisema Jumatatu." Tukabisha. Halafu tukasikiliza ile kanda kwa redio ndogo, na kweli, hata sisi tulioutunga wimbo hatukuweza kujua kama ni "-tu" ama ni "-no".

Sasa kulitokea nini? Kwanza ni mwangwi, ule mafundi wanaita riverbu. Ukiimba katika jumba kubwa, sauti inagonga kuta na dari na kurudi mara nyingi zikiwa zimechanganyika. Kanisa kubwa la mawe linaweza kuendelea kuvuma sekunde 5 baada ya mtu kunyamaza. Lakini chumba cha studio kimefunikwa vitambaa ukutani, sauti inatoka kavu kabisa, kwa hiyo fundi anaongeza mwangwi kwa mashine. Zamani haikuwa kazi rahisi. Mashine moja ya Ujerumani, EMT 140, iliyotoka mwaka 1957, ilikuwa bamba la chuma la urefu wa mita 2 hivi, limening'inizwa ndani ya sanduku na kutikiswa na sauti. (Sisi wa nyumba za mabati tungeweza kuwaeleza jambo hilo bure!) Leo ni kubonyeza tu kwenye kompyuta, na labda ndiyo sababu mwangwi unamwagwa ovyo. Kwetu sisi, "ta" ilikuwa bado inavuma wakati "no" inaingia.

Pili ni kompresa. Si ile ya kujaza upepo kwa gurudumu. Fikirini mtu ameshika kitufe cha sauti cha redio: mwimbaji akipaza, anapunguza upesi, akishuka, anarudisha. Fundi anaweka mpaka, kisha anachagua abane kiasi gani. Akiweka 4 kwa 1, kila desibeli 4 zinazovuka mpaka zinatoka 1 tu. Baada ya hapo wimbo mzima unapandishwa, na yule mama mwenye sauti ndogo anasikika kando ya yule wa sauti ya kupasua. Ni kazi nzuri. Lakini mashine haichagui. Inapandisha kikohozi, jogoo wa jirani, mvua juu ya paa, na ule mwangwi uliokuwa umejificha chini pia unapanda.

Fundi wetu wa kwanza alibana wimbo wote pamoja, sauti na ngoma, tena kwa nguvu. Kila ngoma ilipopigwa, mashine ilishusha kila kitu, na ile silabi ya mwisho ikashuka nayo. Tuliweka ngoma ili siku ikumbukwe, kumbe ngoma ndiyo iliyoifuta.

Fundi wa pili, kabla ya kugusa mashine, alimwambia yule mwenye sauti kubwa arudi nyuma hatua mbili. Hiyo ndiyo kompresa ya bei nafuu kuliko zote. Kisha akabana sauti za watu peke yake, 2 kwa 1, ngoma akaiachia njia yake. Akaifanya kompresa ichelewe kidogo kushika, kama milisekunde 20, ili k na t na p zipite kwanza. Mwangwi akaupa sekunde moja na kidogo, uanze milisekunde 30 baada ya neno lenyewe, na akaupunguza upande wa sauti nzito, kwa sababu besi ikivuma inafunika kila kitu.

Hatusemi mwangwi mrefu ni dhambi. Wimbo wa pole wa mazishi, wenye maneno machache, unaweza kubeba sekunde 2 au zaidi na ukapendeza. Wanaume wetu wa besi wangetaka hivyo kwa kila wimbo, na ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Siku hizi hata kijana wenu mwenye kompyuta anaweza kujaribu kwa Audacity, programu ya bure iliyotoka mwaka 2000, ina kompresa na mwangwi pia. Lakini popote mtakaporekodi, msisikilize kwa spika kubwa za fundi peke yake. Huko kila kitu ni kitamu. Mwombeni apige kwa redio ndogo ama simu iliyowekwa mezani, kwa sababu huko ndiko watu watausikia wimbo wenu. Na msikilizaji asiwe mwanakwaya, maana mwanakwaya anasikia maneno yaliyo kichwani mwake.

Sisi ile mara ya pili tulienda na mvulana wa darasa la tano ambaye hakuujua wimbo. Tukampa kalamu na karatasi, tukamwambia aandike anachosikia. Wimbo ulipokwisha alitusogezea karatasi: Jumatano. Ndipo mweka hazina wetu akafungua mkoba.