Kufunga Mwenyewe au Kumpa Fundi

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Mmezoea kusikia watumishi wa serikali tukizungumza habari za mipango na bajeti. Leo nawaomba radhi, nitazungumzia bomba la hewa la motokaa. Wengi wetu tuna magari yaliyotumika Japani, na vijana wetu hupenda kuyabadilisha: wanatoa bomba na chujio la hewa la kiwandani, wanafunga jingine la kununua dukani. Swali ni hili: kazi hiyo uifanye mwenyewe au uipeleke gereji?

Kwanza tuelewe kazi ya bomba lenyewe. Injini haiendi kwa petroli peke yake. Kilo 1 ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Injini ya lita 2 yenye mipigo minne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huku umekanyaga mafuta mpaka mwisho, huvuta karibu lita 3,000 za hewa katika dakika hiyo moja. Katika magari mengi ya siku hizi, hewa hiyo hupita kwenye chujio, kisha kwenye sensa inayoipima, ndipo iingie katika silinda. Kompyuta ya gari hutoa petroli kwa kufuata kipimo hicho.

Pili, tusidanganyike. Katika gari la kawaida, bomba jipya hubadilisha zaidi sauti kuliko nguvu. Tena, chujio likiachwa wazi karibu na injini litavuta hewa ya moto. Vijana wa Fizikia, nisaidieni hesabu: hewa ya nyuzi 30 na hewa ya nyuzi 60. Ongezeni 273, mtapata 303 na 333. Gawanyeni. Kwa ujazo ule ule na kani ile ile, hewa ya moto ina asilimia 91 tu ya uzito wa ile ya kwanza. Mtu ametoa fedha zake ili injini ipate hewa pungufu!

Sasa nije kwenye swali letu. Wengi hulipima kwa bei. Mimi naona vipimo bora ni viwili. Cha kwanza: kazi ikienda kombo, nitagundua mapema? Cha pili: nitaweza kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa?

Kufunga bomba lililotengenezwa kwa ajili ya gari la aina yako hupita vipimo vyote viwili. Subiri injini ipoe. Toa waya hasi wa betri. Legeza klipu kwa bisibisi, chomoa waya wa sensa taratibu, toa boksi la zamani na ulihifadhi pamoja na nati zake. Usiguse kwa kidole kile kiwaya chembamba kilicho ndani ya sensa, na kama chujio lako ni la kupakwa mafuta, usilipake kupita kiasi, maana mafuta hayo huichafua sensa. Funga bomba jipya, kaza klipu zote, washa, usikilize. Ukisikia mluzi, au injini ikitetemeka, au taa ya injini ikiwaka, kuna hewa inayoingia bila kupimwa. Zima, kaza upya.

Msione kukaza klipu ni jambo dogo. Katika barabara zetu za vumbi, upenyo mdogo baada ya chujio huingiza mchanga unaokwangua silinda polepole. Kwa dereva wa teksi, hicho ndicho chakula cha watoto.

Lakini zipo kazi za kumpa fundi: kutoboa bodi ili kufunga snokeli, kukata na kuunga nyaya, kubadilisha mpango wa kompyuta. Bati likishatobolewa halirudi. Hata kushusha mdomo wa bomba chini kutafuta hewa baridi kunataka mtu mwenye uzoefu. Aliyeendesha gari Dar es Salaam wakati wa masika anajua kina cha madimbwi yetu. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakivutwa ndani ya silinda, mkono unaoishika pistoni hupinda, na injini imekwisha.

Hata ukienda gereji, usiende kama mzigo. Kuuliza si ujinga. Mwulize fundi atakata nini na kwa nini, dai vifaa vyako vya zamani, kisha mlipe haki yake. Sisi wasomi tuna tabia mbaya: hatubishani na daktari juu ya bei, lakini fundi tunamkata nusu nzima, halafu tunashangaa kazi imelipuliwa. Aliyewahi kukaza klipu kwa mkono wake mwenyewe hamdharau fundi, wala hadanganywi naye kwa urahisi.

Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule isimtenge kijana na kazi za mikono. Sisi tuliosoma hapa miaka ya tisini tulijifunza kanuni za hewa ubaoni tu, bila kuona injini ikifunguliwa. Kwa hiyo natoa pendekezo, Ndugu Mwenyekiti: Chama chetu kinunue injini moja iliyochoka, iwekwe hapa shuleni juu ya meza imara, pamoja na seti ya spana, ili vijana waifungue na kuifunga mpaka waijue. Mimi nitaanza kwa kununua spana hizo.