Mzigo Umedondoka Barabarani, Nani Alipe?

(MUZIKI WA KIPINDI, UNASHUKA)

Wasikilizaji wetu mlioko kambini Kasulu na Kibondo, wiki hii tunazungumza sheria.

Tuseme lori limebeba magunia ya mahindi. Kamba ni kuukuu, turubai halikufungwa. Kwenye kona gunia linadondoka na kumvunja mguu mama anayepita kando ya barabara. Kesho yake dereva anafika hospitali na shilingi 50,000 na karatasi: "Weka dole gumba hapa, tuyamalize." Karatasi inasema mama hana madai tena. Mama, usiweke dole gumba kwanza! Mguu wenyewe hujajua utapona lini.

Wengi hudhani dereva akitozwa faini mambo yamekwisha. La. Faini inakwenda serikalini. Fidia yako ni shauri jingine, la madai, na unaweza kumdai dereva pamoja na mwenye lori, maana dereva alikuwa kazini kwake. Sheria ya Tanzania inalazimisha kila gari liwe na bima kwa ajili ya watu wanaoumizwa nalo. Hata bima ndogo inawahusu ninyi.

Na mkimbizi je? Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, kifungu cha 16, unampa mkimbizi haki ya kwenda mahakamani katika nchi iliyompokea. Najua kinachowatia hofu: "Nilikuwa nje ya kambi bila kibali." Hilo ni kosa lake, na lina sheria yake. Halimpi mtu ruhusa ya kufunga mzigo ovyo.

Sasa ushahidi. Andikeni namba ya lori na namba ya tela, maana tela lina namba yake. Pigeni picha ya kamba na mzigo kabla watu hawajaanza kuokota. (Na kama kilichomwagika ni mafuta, kimbieni. Morogoro, Agosti 2019, zaidi ya watu 100 walikufa kwa sababu ya lori la mafuta lililopinduka.) Toeni taarifa polisi, mpate fomu ya PF3, daktari aijaze. Tunzeni kila stakabadhi, ya dawa na hata ya nauli, kwa kuwa gharama za namna hiyo mahakama hutaka zithibitishwe. Maumivu hayana stakabadhi. Hayo hakimu huyapima mwenyewe.

Muda wa kufungua shauri ni miaka mitatu tangu siku ya ajali. Asiye na fedha za wakili aulize kambini kuhusu wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu wasio na uwezo. Ukipata wito wa mahakama, uonyeshe unapoomba kibali cha kutoka.

Na wewe uliyekwisha kuweka dole gumba? Dai nakala ya karatasi hiyo, umpelekee msaidizi wa kisheria aisome. Kama hukusomewa kwa lugha unayoielewa, mwambie hilo kabla ya yote.

(MUZIKI UNAPANDA. BAADA YAKE: MASWALI YA WASIKILIZAJI)