Upindo wa Vazi la Mfalme



Habari ya Daudi na Sauli pangoni mnaijua. Imo katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 24. Sauli alikuwa akimwinda Daudi kwa askari elfu tatu katika nyika ya Engedi, naye akaingia pangoni peke yake ili kujisaidia, asijue kwamba amtafutaye ameketi humo humo gizani. Watu wa Daudi walimhimiza ammalize adui yake. Daudi akanyemelea, akakata upindo wa vazi la mfalme, wala hakumgusa mwilini. Na hapo Maandiko yanatueleza jambo ambalo wengi wetu hulipita mbio: moyo wa Daudi ulimchoma kwa sababu ya kile kitambaa.

Mfalme mwenyewe hakuhisi kitu. Hakutoka damu, hakupungukiwa na chochote isipokuwa ncha ya nguo. Walakini nguo ile ilikuwa ishara ya ufalme wa Israeli, na Daudi alijua kwamba ameigusa ishara hiyo kwa kisu.

Sasa angalieni alilofanya baadaye. Hakukificha kitambaa kile kwa aibu. Alitoka pangoni, akamwita mfalme, akainama hata uso wake ukagusa nchi, kisha akakiinua kipande kile mbele ya macho yake na kumwuliza kwa nini anamwinda mtu asiye na hatia. Kitambaa kilichomchoma moyo ndicho kilichokuwa ushahidi wake alipomkabili mwenye mamlaka. Heshima na shutuma zilishikwa kwa mkono mmoja.

Ninaileta habari hiyo kwa sababu nataka leo tuzungumze juu ya kitambaa kingine, nacho ni bendera ya taifa, na juu ya hasira inayotushika tunapoona mtu ameitumia kwa namna isiyotupendeza.

Nchi ambayo imeligombania jambo hili mahakamani kwa muda mrefu ni Marekani. Mwezi wa Agosti 1984, chama cha Republican kilipokuwa kikimteua tena Rais Ronald Reagan katika mji wa Dallas, waandamanaji walifika mbele ya jengo la halmashauri ya mji, na mmoja wao, Gregory Lee Johnson, akaikunjua bendera ya nchi yake, akaimwagia mafuta ya taa, akaitia moto. Hakuna aliyejeruhiwa. Mahakama ya Texas ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 2,000. Shauri likapanda hata Mahakama ya Juu, na mwaka 1989 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba serikali haina haki ya kuyakataza maoni kwa sababu tu yanawachukiza watu wengi, hata kama yametolewa kwa kuichoma bendera. Bunge lao likapitisha sheria mpya mwaka huo huo. Mahakama ikaitangua mwaka 1990. Mwaka 2006 pendekezo la kuibadili Katiba ili kuikinga bendera lilishindwa katika Baraza la Seneti kwa upungufu wa kura moja tu. Mwaona jinsi watu wazima, wenye akili na wenye kuipenda nchi yao, walivyogawanyika karibu katikati. Jaji Anthony Kennedy, mmoja wa wale watano, aliandika waziwazi kwamba uamuzi aliokubaliana nao ulimuumiza.

Lakini si majaji ninaotaka tuwaangalie. Katika maelezo ya shauri lile mna mtu mmoja anayetajwa kwa maneno machache. Alikuwapo siku ile, akaiona bendera ikiungua. Waandamanaji walipokwisha kutawanyika, aliyaokota mabaki yake, akayachukua mpaka nyumbani kwake, akayazika nyuma ya nyumba. Jaji William Brennan, aliyeiandika hukumu ya wengi, alimkumbuka mtu huyo, akasema kwamba hakuna njia iliyo bora zaidi ya kuilinda hadhi ya bendera iliyochomwa kuliko maziko ya namna ile.

Na hapa nitataja jambo la pembeni ambalo hunishangaza kila nilikumbukapo. Kanuni za Marekani kuhusu bendera zinaagiza kwamba bendera iliyochakaa, isiyofaa tena kupeperushwa, iharibiwe kwa namna ya heshima, na ikiwezekana kwa kuichoma moto. Moto ni ule ule, na kitambaa ni kile kile. Kinachotofautisha ibada na tusi kimo ndani ya mtu, mahali ambapo askari hawezi kuingia na pingu zake.

Huenda msikilizaji akauliza, ya Dallas yanatuhusu nini sisi? Naomba nijibu kwa kuungama.

Nilipokuwa mtoto, kila jioni saa kumi na mbili bendera iliposhushwa katika ofisi fulani ya serikali karibu na kwetu, filimbi ilipigwa, na kila mpita njia alipaswa kusimama wima mpaka bendera ikunjwe. Desturi nzuri, mpaka leo naipenda. Jioni moja alipita bibi kizee mwenye mzigo wa kuni kichwani. Alikuwa kiziwi, nasi watoto wa mtaa tulilijua hilo. Akaendelea na mwendo wake. Askari akamfuata, akampiga kofi, bibi akaanguka na kuni zikatawanyika barabarani. Nasi tulikuwa watu kama ishirini, watu wazima na watoto, tukasimama kimya, mikono ubavuni, kwa maana bendera ilikuwa haijafika chini. Ilipokwisha kukunjwa, kila mmoja akashika njia yake. Sikuziokota kuni zile. Hata ukuni mmoja sikuuokota.

Nimehubiri juu ya heshima mara nyingi tangu siku hiyo, na kila mara bibi yule hunijia. Jioni ile nani aliidharau bendera? Kijani yake, tulifundishwa shuleni, ni ardhi na mimea. Rangi ya dhahabu ni madini. Bluu ni maji. Nyeusi ni watu. Weusi ule ulikuwa umeanguka mavumbini mbele yetu, nasi tukaendelea kuukazia macho mlingoti.

Hofu ya namna hiyo huvaa nguo za uzalendo kwa urahisi. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani iliruhusu shule kuwafukuza watoto wa Mashahidi wa Yehova waliokataa kuisalimu bendera kwa sababu ya imani yao. Kilichofuata ni makundi ya watu kuwapiga Mashahidi na kuzichoma nyumba zao za ibada, yote hayo kwa jina la bendera. Miaka mitatu tu baadaye, vita vikuu vikiwa bado vinaendelea, mahakama ile ile iliugeuza uamuzi wake na kusema kwamba hakuna mtoto anayeweza kulazimishwa kukiri kwa mdomo au kwa mkono jambo ambalo dhamiri yake inalikataa. Kwetu pia, mwaka 2013, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwapa haki wanafunzi wa dhehebu hilo hilo walioadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Mimi si wa dhehebu lao, na wimbo wetu nauimba kwa furaha. Lakini mtu asomaye habari za Shadraka, Meshaki na Abednego, kisha akamfukuza mtoto shuleni kwa kosa hili, ameisoma habari hiyo akiwa upande wa Nebukadreza.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kila litendwalo kwa bendera ni jema kwa kuwa sheria imeliacha. Yuko anayeikanyaga ili kuwaumiza wajane na yatima wa waliokufa wakiitumikia, na mtu huyo, hata akiachwa huru na majaji wote wa dunia, ana deni kwa jirani zake. Daudi hakushitakiwa na yeyote pangoni. Watu wake ndio waliomhimiza. Moyo wake ndio uliomchoma. Kijana anayedai uhuru wa kusema auombe na moyo wa namna ile, unaojua kuchomwa hata pale ambapo hakuna mashitaka.

Wala tusiwe wepesi kusema tumetukanwa. Mabaharia wanajua kwamba bendera iliyopandishwa kichwa chini yaweza kuwa kilio cha chombo kinachozama. Mwezi wa Juni 2024 vijana wa jirani zetu wa Kenya waliandamana kuupinga Muswada wa Fedha, na wengi walikuwa wamejifunga bendera mabegani au kuipeperusha mbele ya maji ya washawasha na moshi wa kutoa machozi. Wako waliokerwa na jambo hilo, kwa kuwa bendera si shuka. Tarehe 25 watu walipigwa risasi wakafa. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi muswada ule. Aliyeitazama bendera mabegani mwa wale vijana na kuona utovu wa adabu tu, alipitwa na kile walichokuwa wakisema: sisi nasi ni wa kitambaa hiki, tusikilizeni.

Sauli alisikiliza. Alipokiona kipande cha vazi lake mkononi mwa Daudi, hakuagiza askari wake elfu tatu wamkamate kwa kosa la kuliharibu vazi la kifalme. Alimwita mwanangu, akapaza sauti yake akalia, akakiri kwamba Daudi ni mwenye haki kuliko yeye. Kisha akarudi nyumbani kwake. Daudi hakufuatana naye. Yeye na watu wake walipanda wakaenda ngomeni.