Simu za Roboti na Programu Zinazojifunza Kuzizuia



Simu ya roboti hupigwa na kompyuta, ikakusomea ujumbe uliorekodiwa. Gharama yake ni ndogo mno. Hivyo tapeli hahitaji kuwanasa wengi. Mzee mmoja akitoa akiba yake, tapeli amekwisha kupata faida.

Orodha ya Taifa ya Kutopigiwa Simu, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2003, huwazuia wafanyabiashara wanaotii sheria. Tapeli haitii. Kwa hiyo mwaka 2012 Tume ya Biashara ya Shirikisho ilitangaza shindano lenye zawadi ya dola 50,000 kwa atakayebuni njia ya kuzikomesha simu hizo. Leo kampuni za simu hutumia programu zinazojifunza.

Programu hizo hupewa rekodi za simu za kitapeli na za halali, zikatafuta tofauti baina yake. Namba inayowapigia watu wengi kwa muda mfupi, na ambayo mazungumzo yake hukatwa upesi, hutiliwa shaka. Malalamiko ya wateja nayo huingizwa katika mafunzo hayo. Basi unaporipoti namba ya tapeli, unamkinga na jirani yako pia.

Hata hivyo, programu hukisia tu. Hospitali inayowakumbusha wagonjwa miadi yao yaweza kudhaniwa tapeli, na mgonjwa akakosa matibabu. Tunawashauri mhifadhi namba za hospitali na shule katika simu zenu, na kukagua mara kwa mara orodha ya simu zilizozuiwa.

Tapeli naye hajalala. Huiga namba za mtaani kwako, na sasa huiga hata sauti ya mwanao. Mwezi Februari 2024, Tume ya Mawasiliano ya Shirikisho ilitamka kwamba sauti iliyoundwa kwa akili unde ni sauti ya bandia kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1991. Kuitumia katika simu za roboti bila idhini ya anayepigiwa ni kosa.

Kwa hiyo, ukipokea simu ya namna hiyo, ikate. Usibonyeze namba yoyote, hata ukiambiwa kwamba ndiyo njia ya kuondolewa katika orodha yao. Ukisikia sauti ya ndugu akiomba fedha kwa dharura, kata, kisha mpigie kwa namba unayoijua. Na yeyote akudaiye malipo kwa kadi za zawadi, hata akijiita afisa wa serikali, ni tapeli.