Mafiga Matatu ya Uzito: Kurekebisha Springi na Shokapu za Mbele za Pikipiki ya Theluji

Mada ya semina ya mafundi wa mashine ndogo

1. Utangulizi



Wengi wetu humu tulianzia kwenye bodaboda. Shokapu tulijifunza kuisikiliza kwa kukalia siti na kurukaruka juu yake. Leo tuko kaskazini mwa Minnesota, jimbo lenye njia za pikipiki za theluji zinazozidi kilomita 35,000, na mashine tunayoletewa haina tairi. Mbele ina skii mbili, nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaosukuma.

Majira yangu ya kwanza ya baridi nililetewa mashine iliyokuwa ikitangatanga. Kwenye kasi ilivuta mara kushoto, mara kulia, na mwenyewe alikuwa akirudi nyumbani mabega yakimuuma. Nikafanya nilichozoea: nikakaza springi za mbele. Kesho yake alirudi amenuna. Imezidi. Mzee mmoja wa karakana ile aliinua skii, akapitisha kidole kwenye chuma cha chini, kisha akaniita nami nipitishe changu. Kilikuwa kimepinda, na kimelika upande mmoja. Mimi nilikuwa nimeongeza uzito juu ya chuma kibovu, ndiyo maana kikazidi kushika kila mfereji kilioupata.

Hoja ya mada hii ni moja: utulivu wa mbele hautafutwi mbele peke yake. Skii hutii uzito uliozifikia, na sehemu kubwa ya uzito huo huamuliwa nyuma yake, chini ya miguu ya mwendeshaji. Kwa hiyo marekebisho yana mpangilio wake, na anayeanzia mwisho hurudia kazi.

2. Mashine hii ilivyofika hapa

Joseph-Armand Bombardier wa Valcourt, Quebec, alifiwa na mwanawe mdogo mwaka 1934, theluji ikiwa imefunga njia ya kwenda hospitali. Msiba huo ulizidisha juhudi zake za kuunda chombo cha kupita kwenye theluji, na mwaka 1959 akatoa Ski-Doo, mashine nyepesi ya kuendeshwa na mtu mmoja. Hapa Minnesota, katika mji wa Roseau, watu wa kampuni ya Polaris nao walikuwa wamekwisha kuanza kuunda za kwao katika miaka ya 1950.

Skii za enzi hizo zilikaa juu ya springi za mabamba, kama za lori. Fundi hakuwa na mengi ya kurekebisha. Mambo yalibadilika Polaris walipoingiza sokoni Indy mwaka 1980, kila skii ikipanda na kushuka bila kuiburuta nyingine. Mashine nyingi za leo zina wishiboni mbili kila upande, kama gari dogo. Starehe imeongezeka, na nafasi za kukosea nazo zimeongezeka, kwa sababu sasa karibu kila kitu kina nati ya kuzungusha.

3. Mafiga matatu

Fikirini sufuria juu ya mafiga matatu, ila haya yamepangwa kwa mstari. Figa la kwanza ni skii. La pili ni mkono wa mbele ulio ndani ya mkanda, wenye springi ya katikati. La tatu ni mkono wa nyuma, wenye springi kubwa zinazombeba mwendeshaji. Ukiinua figa moja, umebadilisha mzigo wa mengine.

Ukikaza springi ya katikati, mashine huegemea katikati na skii hupungukiwa uzito. Ukiilegeza, uzito husogea mbele. Springi za nyuma zikiwa laini mno, mwendeshaji huzama nyuma na skii huwa nyepesi. Zikikazwa, uzito hurudi mbele.

Kuna kiungo kingine ambacho wengi hukipita bila kukitazama: mkanda mfupi unaozuia mkono wa mbele usifunguke kupita kiasi. Katika mada hii nitauita hatamu, maana kazi yake ni kuzuia kichwa kisinyanyuke. Mwendeshaji anapovuta mafuta, uzito hukimbilia nyuma. Hatamu ikiwa fupi, skii hubaki zimegusa chini. Ikiwa ndefu, mbele hunyanyuka na usukani huwa mwepesi.

4. Kabla ya kugusa springi

Zima injini, inua mbele kwa jeki, weka stendi imara. Shika skii uitikise juu na chini, kisha kushoto na kulia. Bushi za wishiboni, boljointi na tairodi zilizochakaa hutoa mchezo ambao springi haiwezi kuuficha. Ingiza grisi mpya hadi ya zamani itoke, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani ya bushi huganda usiku na asubuhi usukani huwa mgumu.

Halafu pindua skii. Chini yake pana chuma kirefu chenye kipande cha kabidi ya tangsteni, na hicho ndicho kinachokata barafu na kuongoza. Kikiwa butu, mashine hugoma kukata kona. Kikiwa kimepinda, hutangatanga. Kama mkanda umefungwa misumari ya kushika barafu, kabidi nayo lazima iwe na nguvu ya kutosha; la sivyo nyuma itaishinda mbele, na kwenye kona mashine itakwenda ilikokuwa ikienda.

Kisha alaimenti. Mashine ikae kwa uzito wake wenyewe, usukani ukiwa katikati. Funga ncha za mbele za skii kwa kamba ya mpira ili kuondoa mchezo mdogo uliobaki. Laza ubao mnyoofu ubavuni mwa mkanda ufike mbele, kwa sababu mkanda ndio unaoonyesha mashine inakwenda wapi. Pima umbali kutoka ubao hadi kwenye chuma cha skii sehemu mbili, mbele na nyuma ya mguu wa skii. Kwa mashine nyingi, skii hutakiwa ziwe sambamba au zifunguke kidogo mbele, milimita 3 hadi 6 kwa jumla. Kitabu cha mashine husika ndicho cha mwisho. Zisibanane mbele. Rekebisha tairodi za pande zote mbili, na kaza nati za kufungia.

5. Kupima kubonyea

Kubonyea ni kiasi ambacho mashine hushuka inapobeba mzigo. Kipimo kifanywe mwendeshaji akiwa na mavazi yake yote, buti na helmeti, kwa sababu nguo za baridi zina uzito wake.

Anzia nyuma. Inua bampa hadi springi zilegee, pima urefu kutoka chini. Shusha, mwenyewe apande na kutikisa mara mbili tatu, kisha pima tena. Tofauti hiyo iwe kati ya robo na theluthi ya safari yote ya springi. Ikizidi, kaza za nyuma kwanza. Mara nyingi malalamiko ya usukani mwepesi huishia hapo.

Mbele fanya vivyo hivyo, tofauti ikiwa karibu robo. Ila kuna mtego. Springi zinapobonyea, skii husogea nje. Kwenye sakafu ya saruji hukwama na kukupa kipimo cha uongo. Tandika plastiki laini chini ya skii ziteleze.

6. Springi za mbele, shokapu na stebilaiza

Sasa ndipo tumefika pale nilipoanzia mimi siku ile. Zungusha pete ya springi kidogo kidogo, pande zote mbili sawa, ukipima urefu wa springi yenyewe badala ya kuhesabu nyuzi kwa macho. Kukaza huinua mbele, huongeza uzito kwenye skii na kuufanya usukani uitike haraka. Kulegeza hushusha mbele na kuifanya mashine iwe laini.

Kwa shokapu za hewa, pima presha mbele ikiwa imeinuliwa, na mashine ikiwa nje. Hewa iliyojazwa karakanani kwenye nyuzi joto 20 hupoteza takriban sehemu moja ya saba ya msukumo wake ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri. Mteja huondoka na mashine nzuri, akaharibikiwa njiani bila mtu kugusa kitu.

Stebilaiza huzuia mwili wa mashine usilale kwenye kona. Mashine ya njiani, yenye skii zilizoachana kwa karibu sentimita 107, inaihitaji. Mwendeshaji wa milimani hutaka mashine ilale, ndiyo maana skii zake hukaribiana zaidi na stebilaiza yake huwa laini au huondolewa kabisa. Muulize mteja anakopita kabla ya kushika spana.

7. Kusoma dalili

Mashine inatangatanga: kagua kabidi na alaimenti. Zikiwa sawa, punguza uzito kwenye skii kwa kulegeza springi za mbele au kukaza ya katikati.

Usukani umekatwa lakini mashine inanyooka: skii hazina uzito. Legeza springi ya katikati, au fupisha hatamu tundu moja.

Usukani ni mzito: fanya kinyume chake.

Skii ya ndani inanyanyuka kwenye kona: wengi hukimbilia kukaza mbele. Legeza badala yake, mbele ishuke. Kagua viungo vya stebilaiza, kisha fupisha hatamu kidogo.

Mashine inazunguka kama pia, mwendeshaji akihisi amekaa juu ya ncha: figa la katikati limepanda mno. Legeza springi yake.

Kila ukigusa hatamu, pima tena mkazo wa mkanda mpana, kwani umebadilisha umbo la mfumo wote wa nyuma.

8. Hitimisho

Napendekeza mambo matatu kwa karakana zetu. Kwanza, kila mashine iwe na ukurasa wake wa daftari wenye vipimo vya mwanzo kabla ya spana kushikwa. Pili, tubadilishe kitu kimoja kwa wakati, tukijaribu kwenye kipande kilekile cha njia. Njia iliyosawazishwa usiku huwa na mifereji ifikapo saa sita mchana, na mashine ileile itakupa majibu mawili tofauti. Tatu, mteja aondoke na nakala ya vipimo, ili fundi mwingine asianze gizani.

Kwa majadiliano: mteja mwenye kilo 60 anayempakia mwenzake mwishoni mwa wiki, tumwekee vipimo vya nani? Na la pili: hatamu, figa, kubonyea ni majina niliyoyatumia mimi. Wenzetu waliozoea majina mengine wayalete hapa leo, tukubaliane, maana vijana wanaojifunza kwetu wanahitaji kusikia jina moja kila mara nati hiyohiyo inapoguswa.