Miraba Minne kwa Jozi: Glavu za Kufuma na Mfuko wa Bweni

Mada iliyotolewa na mmoja wa kinamama wafumaji katika mkutano mkuu wa mwaka



Kamati imenipa nafasi niseme juu ya glavu za kufuma. Najua wapo walioiona ratiba wakatabasamu. Mada ya kwanza ni bweni la wasichana, ya pili ni barabara, ya tatu ni glavu. Nawaomba mnivumilie, kwa sababu mada ya tatu imekuja kuisaidia ya kwanza.

Nianze na baridi yetu. Uwanda wa Kitulo uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu, na tangu mwaka 2005 ni hifadhi ya taifa. Wageni huja wakati wa mvua, maua yakiwa yamechanua. Juni na Julai hawapo. Sisi ndio tuliopo, na asubuhi majani yamevaa barafu nyembamba ambayo jua hulitoa kwa shida. Julai shule zinapofunguliwa, mtoto wa sekondari anatembea gizani, anafika darasani, anashika kalamu na vidole havimsikii. Kipindi cha kwanza chote anapulizia mikono. Mwalimu akifuta ubao, yeye yuko nusu.

Mkimpa mtoto huyo glavu ya kawaida, ya vidole vitano, atapata joto lakini hataandika. Mkikata vidole vya glavu ya mtumba, itafumuka ndani ya wiki moja. Anachohitaji ni glavu iliyofumwa tangu mwanzo bila vidole: inafunika kiganja, mgongo wa mkono na kifundo, vidole vinabaki huru. Kifundo cha mkono ndipo damu inapopita karibu na ngozi kuelekea vidoleni. Kikipata joto, na vidole vinapata nafuu. Glavu hiyo hiyo inamfaa mama wa sokoni anayehesabu chenji saa kumi na mbili asubuhi, karani anayeandika, na kijana anayetaka kubonyeza simu bila kuivua.

Sasa jinsi inavyofumwa. Naeleza polepole ili hata akina baba waone kwamba hapa pana kazi, na kazi ina bei.

Wengi wenu mmekulia kwenye nyumba yenye vitambaa vya kroshia juu ya makochi, juu ya redio, baadaye juu ya televisheni. Sindano ni ile ile, yenye ndoano nchani, ila ya unene wa milimita 4. Uzi ni wa sweta, wa unene wa kati. Jozi moja ya mtu mzima inakula gramu 50 hadi 60. Tunafuma vipande vya mraba, vile vinavyoanza katikati na kukua kwa kuzunguka. Wazungu wameviita kwa jina la bibi, na vilikuwa njia ya kumaliza mabaki ya uzi. Maelezo yake yalichapishwa Marekani mwaka 1885 katika Prairie Farmer, gazeti la wakulima la Chicago. Kwa hiyo tangu mwanzo hii ni kazi ya watu wa shamba wasiopenda kutupa.

Unafuma cheni 4 na kuziunganisha ziwe pete. Mshono mrefu unaosimama tunauita nguzo. Ndani ya pete weka nguzo 3, cheni 2, nguzo 3, cheni 2, hadi mafungu yawe manne. Hizo cheni mbili mbili ndizo pembe za mraba. Mzunguko wa pili, kila pembe inapewa nguzo 3, cheni 2, nguzo 3, wala huweki cheni kati ya fungu na fungu, maana tundu kubwa ni mlango wa upepo.

Mzunguko wa tatu ndio wenye mapambo, na ndio wenye joto. Pembeni fanya kama awali. Lakini kwenye nafasi iliyo katikati ya kila upande, anzisha nguzo 5 mahali pamoja, kila moja uiache bila kuimalizia, kisha uzifunge zote kwa mkupuo mmoja. Linatokea nundu. Likijificha nyuma, lisukume kwa kidole litokeze mbele. Nundu ni uzi mwingi mahali padogo, linaziba nafasi na kushika hewa yenye joto. Mzunguko wa nne, pembe zinabaki na desturi yake, na kila nafasi ya ubavuni, upande huu na huu wa nundu, inapata nguzo 3. Ukihesabu, kila upande una nguzo 12, na mraba una sentimita 9 hadi 10.

Miraba miwili inatengeneza mkono mmoja, minne inatengeneza jozi. Weka mmoja juu ya mwingine, mgongo kwa mgongo, shona upande mmoja wote. Upande wa pili shona mishono 3 ya juu, acha 5 wazi kwa ajili ya dole gumba, malizia 4 ya chini. Kisha funga kifundo: mzunguko wa kwanza nguzo 24, na mizunguko minne inayofuata nguzo moja izungushe shina la ile ya chini kwa mbele, inayofuata kwa nyuma. Inatoka mifereji inayovutika kama ukosi wa sweta, na glavu haitelezi. Juu, penye vidole, mzunguko mmoja wa mishono mifupi unatosha.

Glavu hii haina kulia wala kushoto. Mtoto akipoteza moja, tunafuma moja. Kwa mtoto mdogo tunatumia sindano nyembamba kidogo na uzi mwembamba kidogo, hesabu haibadiliki. Tuseme na mipaka yake pia. Dereva wa bodaboda haimtoshi, upepo wa mwendo utapita. Huyo atafute ya ngozi. Na yeyote aliyevaa ya uzi wa kiwandani asisogee nayo motoni, maana uzi huo huyeyuka na kushika ngozi. Kufua ni kwa maji ya baridi, bila kukamua kwa kusokota, na kuanika kwa kulaza.

Ndugu zangu, hapo ndipo wengine huuliza: kwa nini tuhangaike na sindano wakati Kariakoo kuna glavu za kila rangi kwa bei ya kutupa? Miongoni mwenu wapo wanaoziuza, na mnajua biashara kuliko mimi. Jibu langu ni kwamba hatushindani kwa bei ya chini. Tukijaribu, tutashindwa. Kroshia halisi bado inafumwa kwa mkono. Kile kinachotoka kiwandani kikiwa na sura yake huwa kimefumwa kwa njia nyingine. Kwa hiyo tunachouza ni kitu cha mkono, kinachotoka mahali panapojulikana, kwa matumizi yanayojulikana.

Nawakumbusha habari moja kutoka Ireland, nchi iliyotegemea viazi kama tunavyovitegemea sisi. Mwaka 1845 ukungu uliingia kwenye viazi vyao, ule ule ugonjwa mnaoujua mashambani, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja. Katika miaka hiyo masista na kinamama wenye nafasi walianza kufundisha kroshia, huko Cork, Clones na kwingineko, ili familia zipate fedha ya chakula. Walifuma kwa uzi mwembamba wa pamba, na waligawana kazi: huyu anafuma ua tu, yule jani tu, na mwingine anaunganisha vipande viwe kola au gauni. Kazi yao ilivaliwa na matajiri wa miji mikubwa ya Ulaya. Baadaye mitindo ya mavazi ilibadilika, mashine zikaiga, na soko likapungua.

Nachukua mambo mawili hapo. Kwanza, mgawanyo wa kazi. Mama wa Bulongwa anaweza kufuma miraba jioni baada ya shamba, wa Tandala naye vivyo hivyo, na wachache wenye jicho kali wakakaa Iwawa kuunganisha na kukagua. Anayeanza leo hahitaji kujua kazi nzima; anahitaji kujua mraba mmoja vizuri. Pili, anayetegemea urembo peke yake atayumba urembo ukibadilika. Sisi tuuze joto kwanza, mapambo yafuate. Baridi ya Makete haina msimu wa mitindo.

Sasa nafika kwenye jambo lililonileta mbele yenu. Katika vikao vya maandalizi limetolewa wazo kwamba kinamama wafume bure, glavu ziuzwe, fedha yote iende kwenye bweni. Waliolitoa wana nia njema, na sina ugomvi nao. Lakini nasema wazi: tusifanye hivyo.

Jozi moja ni saa nne hadi tano za mikono iliyozoea. Mama anayefuma ndiye yule yule anayelima, anayechota maji, na wengi wao wanalea wajukuu na watoto wa ndugu waliotangulia mbele za haki. Wilaya yetu inajua yatima ni nini, sina haja ya kueleza. Ukimwomba mama huyo saa tano za bure, umemtoza mchango mkubwa kuliko unaotoa wewe uliyekaa hapa na kalamu. Atafuma jozi ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa aibu, ya tatu hataifuma. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Mikono hii tunayotaka kuivalisha wengine, nayo isiwe mitupu.

Tuchukue mfano, na mweka hazina atanisahihisha kulingana na bei za uzi za siku hiyo. Jozi iuzwe shilingi 12,000. Shilingi 4,000 zirudi kwenye uzi, 5,000 ziende kwa waliofuma, 3,000 ziingie mfuko wa bweni. Tukiuza jozi 200, mfuko unapata shilingi 600,000. Laki sita haijengi bweni, sitawadanganya. Lakini shilingi 1,000,000 itakuwa imeingia mikononi mwa kinamama nyumbani, na hao ndio wanaolipa daftari, sare na chakula cha mtoto atakayelala kwenye bweni hilo. Na zile 800,000 za uzi hazijaliwa. Zimerudi, zinanunua uzi wa awamu nyingine. Mchango wa kawaida ukishatoka mfukoni hutoka mara moja tu. Huu unazunguka.

Wapo watakaosema shilingi 12,000 ni nyingi. Ndugu yangu, soda za meza yako leo ni kiasi gani? Na nawaomba sana juu ya ile bei ya undugu. Sisi Wakinga tunajua kupatana, sifa hiyo tunayo nchi nzima, wala siionei haya. Lakini ukimpunguzia shangazi yako wa kijijini shilingi 3,000 kwa sababu ni shangazi, umekata mfuko wa bweni wote kwa jozi hiyo. Kapatane na mwenye jumla. Hapa lipa bei iliyoandikwa.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na fomu yake iko ukurasa wa katikati wa kijitabu hiki.

La kwanza, mtaji wa uzi. Kwa jozi 200 tunahitaji kilo 10 hadi 12. Wenye maduka wanaweza kutoa uzi wenyewe badala ya fedha. Rangi zisizochafuka haraka ndizo zinazopendwa na wanafunzi, na uzi wote uwe wa unene mmoja ili miraba ilingane.

La pili, nunua jozi mbili. Moja uvae wewe utakapopanda kwenda nyumbani, maana najua mkifika Makambako mnaanza kutafuta majaketi. Nyingine andika ipelekwe kwa mwanafunzi wa sekondari ya kata yako. Walimu watagawa bila kutangaza jina la mtoaji wala kumwita mtoto mbele ya wenzake.

La tatu, mkutano upitishe leo, kwa kura, kwamba mfumaji analipwa siku anapokabidhi kazi iliyokaguliwa, si siku glavu itakapouzwa. Hasara ya kusubiri soko ibebwe na chama, maana chama kina mgongo mpana kuliko mama mmoja. Jambo hili likikataliwa, naomba na glavu ziondolewe kwenye mpango wa bweni, tuchange kwa njia nyingine.

Sampuli ziko kwenye meza karibu na mlango. Zishikeni, zivaeni, vuteni kifundo muone kama kinarudi. Mwenye kujua kufuma asiogope kutoa kasoro. Ndiyo kazi ya meza ile. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mraba mmoja hauvaliki. Ikiunganishwa minne, mtoto anaandika.